Mchoro wa Ukutani na Mchoro wa Akilini: Namna Fikra na Mazoea ya Binadamu Yanavyoamua Ubora wa Vielelezo vya Kazi Vituoni

Katika vituo vingi vya kutolea huduma za afya hubandikwa ukutani michoro yenye visanduku na mishale. Mmoja humwonyesha mgonjwa wa homa anakopita tangu mapokezi hadi dirisha la dawa. Mwingine huonyesha hatua za mama mjamzito siku ya hudhurio la kwanza. Michoro hiyo huitwa vielelezo vya mchakato wa kazi. Watu wengi huisoma kana kwamba ni picha ya kazi yenyewe, ilhali ni picha ya kazi kama ilivyofikiriwa na mchoraji. Pengo lililopo kati ya picha hizo mbili laweza kumgharimu mgonjwa uhai wake. Historia ya homa katika mkoa wa Tanga, hususan wilaya za Korogwe na Handeni, pamoja na maeneo jirani ya kaskazini mashariki mwa Tanzania, inatoa fundisho kubwa juu ya jambo hilo.

Asili ya vielelezo vya kazi

Desturi ya kuichora kazi hatua kwa hatua si ngeni. Mwaka 1921 Frank na Lillian Gilbreth waliwasilisha mbele ya wahandisi wa Marekani namna ya kuonyesha kazi kwa alama zinazofuatana. Kabla ya hapo Frank Gilbreth alikuwa amekwisha kuwatazama madaktari wa upasuaji wakiwa kazini, akaona kwamba muda mwingi ulipotea kwa kutafuta vifaa. Ndipo alipopendekeza kuwa msaidizi amkabidhi daktari kila kifaa mkononi anapokihitaji. Makosa hayo hayakuonekana kwa kukaa mezani na kukisia. Yalionekana kwa kutazama.

Nchini Tanzania fikra ya kuboresha kazi kwa kuitazama ilipata msukumo kuanzia mwaka 2007, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilipoanza kutumia utaratibu wa Kijapani wa 5S na Kaizen, ambao baadaye ulienezwa katika hospitali nyingine. Hata hivyo, utaratibu wowote wa kuboresha kazi hutegemea jambo moja la awali, nalo ni ukweli wa picha ambayo wafanyakazi wanayo juu ya kazi yao. Picha hiyo huanzia akilini kabla ya kufika karatasini.

Homa ilipobadilika na akili ikabaki

Wilaya ya Korogwe ina sura mbili: nyanda za chini kuelekea bonde la mto Pangani, na miinuko ya Usambara. Kwa miaka mingi malaria ilitawala nyanda za chini. Mwaka 2003, katika kijiji cha Mkokola kilichoko nyanda za chini, asilimia 78.4 ya waliopimwa walikutwa na vimelea vya malaria. Katika kijiji cha Kwamasimba, kilichoko kwenye miinuko, walikuwa asilimia 24.7. Ilipofika mwaka 2008 viwango hivyo vilikuwa vimeshuka hadi asilimia 13.0 huko Mkokola na asilimia 3.1 huko Kwamasimba.

Takwimu hizo ni habari njema, lakini ndani yake mna onyo. Tabibu aliyejifunza kazi wakati malaria imeenea kila mahali alijijengea mchoro akilini: homa, kisha malaria, kisha dawa. Wakati ule mchoro huo uliwaokoa watu wengi. Miaka michache baadaye ugonjwa ulikuwa umepungua sana, na mchoro ule ule ukaanza kumpeleka mgonjwa kwenye dirisha lisilo lake. Hakuna aliyetangaza siku ambayo mchoro ulichakaa.

Dalili zilikuwepo mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, uliwachunguza wagonjwa 4,474 waliokuwa na hali mbaya na waliotibiwa malaria. Waliothibitika kuwa na vimelea walikuwa 2,062 tu, yaani asilimia 46. Miongoni mwa waliokuwa na vimelea walifariki asilimia 6.9, ilhali miongoni mwa wasiokuwa navyo walifariki asilimia 12.1. Tofauti hiyo peke yake haithibitishi kwamba kila kifo kilitokana na kosa la utambuzi. Inatosha, hata hivyo, kuonyesha kwamba nyuma ya jina la malaria yalijificha magonjwa mengine mazito.

Mfano wa Moshi unalitia nguvu jambo hilo. Kati ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mji huo, wagonjwa 528 walidhaniwa kuwa na malaria, lakini ni 14 tu ambao malaria ndiyo iliyokuwa chanzo cha homa yao. Wengine walikuwa na maambukizi ya bakteria katika damu, homa ya mgunda, na maradhi mengine ambayo dawa ya malaria haiyagusi.

Njia panda yenye njia moja

Yamkini mtu atasema kuwa kilichokosekana ni kipimo. Jibu la swali hilo lilipatikana mwaka 2007, utafiti mwingine wa kaskazini mashariki ulipolinganisha kipimo cha haraka cha malaria na hadubini. Wagonjwa walipimwa na majibu yakatolewa. Na bado zaidi ya nusu ya wale ambao hawakukutwa na vimelea waliandikiwa dawa za malaria, kwa hadubini na kwa kipimo cha haraka vilevile.

Hapa ndipo ubora wa kielelezo unapopimwa. Katika mchoro wa ukutani, kipimo ni njia panda: jibu chanya linakwenda huku, jibu hasi linakwenda kule. Katika mchoro wa akilini, mishale yote miwili ilielekea kwenye dirisha moja la dawa. Kipimo kiliongezwa kama kisanduku kipya, lakini mkondo wa mawazo haukubadilika. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Maelekezo hayo hutimia pale tu mshale wa jibu hasi unapokuwa na mahali pa kufikia: mgonjwa achunguzwe kifua, mkojo, masikio, ngozi na dalili za hatari; atibiwe kinachoonekana, arudi kwa siku iliyotajwa, au apewe rufaa.

Mambo manne yanayoupinda mkono wa mchoraji

Watafiti waliozungumza na watumishi wa hospitali za eneo hilo, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008, walibainisha mambo manne yaliyowasukuma kuandika malaria: mafunzo ya awali, ushawishi wa wenzao, kudhani kwamba wagonjwa wanataka jibu hilo, na udhaifu wa huduma za vipimo. Mambo hayo manne huingia pia katika uchoraji wa mchakato wowote wa kazi.

Mafunzo ya awali humfanya mchoraji achore kazi ya zamani. Akili hukimbilia lile lililozoeleka na lililo rahisi kukumbukwa, kisha huliona kuwa ndilo la kawaida.

Ushawishi wa wenzake humfanya achore kazi inayokubalika. Katika kikao ambacho mganga mfawidhi amekwisha kusema kwamba kila mgonjwa hupimwa, muuguzi mdogo hatasema kuwa siku za Jumamosi maabara hufungwa saa sita. Mchoro utakuwa nadhifu, na utakuwa wa uongo.

Kudhani mgonjwa anataka nini humfanya amnyime mgonjwa sauti. Mchoro mwingi humwonyesha mgonjwa kama mzigo unaosukumwa kutoka kisanduku hadi kisanduku, ilhali yeye ana nauli ya kuhesabu, mtoto mgongoni na maamuzi yake mwenyewe.

Udhaifu wa vipimo humfundisha mtumishi njia za mkato. Asiyeamini majibu ya maabara huendelea kuyapuuza hata maabara inapokuwa imeboreshwa, na njia yake ya mkato haichorwi popote.

Mahali mchoro unapoanzia

Kosa jingine la fikra ni kuanzia mahali mchoraji alipokaa. Kwa kuwa mtumishi yuko ndani ya kituo, mchoro wake huanzia mlangoni. Katikati ya muongo wa 2010, utafiti uliofanyika Korogwe na Handeni juu ya upungufu wa damu na ukuaji wa mtoto tumboni uliwafuatilia wanawake tangu kabla ya kushika mimba. Uamuzi huo una fundisho: mengi yanayoamua hatima ya mimba yamekwisha kutokea kabla ya kadi ya kliniki kufunguliwa. Kwa mwanamke wa kijiji cha mbali cha Handeni, hatua ya kwanza si mapokezi. Ni kuamua nani abaki na watoto, fedha ya bodaboda itoke wapi, na kama safari hiyo ina faida. Mchoro usiozijua hatua hizo utamwita mchelewaji, wala hautaonyesha ni wapi alipocheleweshwa.

Uwezo wa akili una mpaka

Kielelezo chaweza pia kuharibika kwa wingi wa mambo. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alieleza kuwa kumbukumbu ya muda mfupi hubeba takriban mambo saba kwa wakati mmoja. Wataalamu wa vielelezo vya kazi nao walitoa mwaka 2010 miongozo saba ya uchoraji. Miongoni mwake ni hii: mchoro uwe na mwanzo mmoja na mwisho mmoja, kila kisanduku kitaje kitendo na kinachotendewa, kama vile "pima damu", na mchoro unaozidi vipengele 50 ugawanywe, kwa kuwa makosa huongezeka kadiri unavyokua.

Namna ya kuchora kwa uaminifu

Timu ya kituo inayotaka mchoro wa kweli na ianze kwa kutembea na mgonjwa mmoja, kwa ridhaa yake, tangu anapofika hadi anapoondoka, ikiandika saa na mahali. Kikao cha uchoraji kiwashirikishe mtu wa maabara, wa dawa, mhudumu wa usafi na mwakilishi wa wagonjwa, na mwenye cheo kikubwa aseme mwisho. Kila njia panda iulizwe: jibu likiwa hasi, mgonjwa anakwenda wapi? Dawa ikikosekana? Usiku? Kisha mchoro ulinganishwe na mafaili machache ya mwezi uliopita. Pale vinapotofautiana, lisitafutwe jina la mkosaji. Itafutwe sababu iliyoifanya njia ya mkato ionekane ya busara.

Kaskazini mashariki mwa Tanzania, jaribio lililofuata baadaye lilihusisha vituo 36. Mbali na vipimo, watumishi walipata warsha na mrejesho juu ya kazi yao, na katika baadhi ya vituo wagonjwa nao walipewa vipeperushi. Dawa za malaria kwa wasiozihitaji zilipungua zaidi mahali ambapo mazoea yalishughulikiwa pamoja na kipimo.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Anapoambiwa hana malaria asiondoke akidhani amenyimwa huduma, wala asiende kununua dawa hiyo dukani. Aulize maswali matatu: homa hii yaweza kuwa inatokana na nini, dalili zipi zinirudishe haraka, na nirudi lini? Maswali hayo humlazimu mtumishi kuuchora mshale uliokuwa haupo.

Mwisho, kila mchoro uandikwe tarehe pembeni. Mkokola ilibadilika ndani ya miaka mitano, na magonjwa yataendelea kubadilika. Mchoro usio na tarehe huendelea kuaminiwa hata baada ya ugonjwa uliouzaa kuondoka.