Gramu Moja ya Spiriti

Ukipanda matatu Rongo kuelekea Migori, muda si muda utapishana na matrekta ya miwa. Mengi huishia Awendo, kwenye kiwanda cha sukari cha Sony. Sukari ikishatoka, hubaki molasi: uji mweusi, mzito, wenye utamu ambao haukukubali kuganda. Itie maji na hamira, iache ichache, ikeneke, nawe umepata ethanoli. Ndiyo spiriti ya kupikia, na ndiyo chang'aa pia.

Kwamba inawaka, kila mtu hapa anajua. Wanywaji humwaga tone kwenye kifuniko cha chupa, wakapiga kiberiti, na moto wa buluu ukitokea roho zao hutulia. Swali linalonishughulisha mimi ni jingine: gramu moja ikiungua, inatoa joto kiasi gani?

Jibu hutafutwa kwa vifaa ambavyo shule yoyote ya sekondari inaweza kuvipata. Mkebe mtupu, maji gramu 200, kipimajoto, mizani, na taa ndogo ya spiriti yenye utambi. Unaipima taa kabla ya kuiwasha, unaiweka chini ya mkebe, unakoroga maji taratibu. Joto likipanda vya kutosha unazima, unafunika utambi haraka, kwa sababu spiriti hupotea hewani hata bila moto, kisha unaipima taa tena.

Tuseme maji yametoka nyuzi 24 yakafika 44, na taa imepungua gramu 1.1. Kila gramu ya maji hudai juli 4.18 ili ipande nyuzi moja. Zidisha 200 kwa 4.18 kwa 20: juli 16,720. Gawa kwa 1.1, unapata kama kilojuli 15 kwa kila gramu.

Hapo ndipo wanafunzi hutazamana, kwa maana kitabu kinasema 29.7. Wengine hurudi kwenye daftari na "kurekebisha" vipimo ili vikaribie kitabu, na hilo huniuma kuliko jibu lolote baya. Nusu iliyokosekana haikupotea. Shika ukingo wa mkebe: umepata moto. Weka kiganja pembeni, juu kidogo ya mwali: hewa ya joto inapanda na kwenda zake. Upepo wa mlangoni umechukua fungu lake, na mvuke wa maji umechukua lake. Zungushia kipande cha bati, funika mkebe, ushushe karibu na mwali, na jibu litapanda mbele ya macho yako. Anayepikia spiriti jikoni hulipia nusu hiyo hiyo kila siku, kwa hiyo kipimo chetu "kibaya" kinasema ukweli ambao jedwali la kitabu halisemi.

Uzuri zaidi ni kwamba tukichoma alkoholi nne chini ya mikebe inayofanana, kwa namna ileile, mpangilio wa majibu hautofautiani na wa kitabuni. Methanoli hutoa kilojuli 22.7 kwa gramu, ethanoli 29.7, propanoli 33.6, butanoli 36.1. Kwa nini? Joto huzaliwa kaboni na haidrojeni zinapoungana na oksijeni. Sasa, kila moja ya alkoholi hizi imekwisha kubeba oksijeni yake ndani, na oksijeni hiyo ni uzito usioungua. Katika methanoli ni nusu nzima ya uzito; katika ethanoli ni kama asilimia 35; katika butanoli ni 22 tu. Methanoli ni kama kuni iliyokwisha kuungua kiasi kabla hujaitia jikoni. Mafuta ya taa hayana oksijeni kabisa, na ndiyo maana lita moja ya ethanoli hubeba karibu theluthi mbili tu ya joto la lita moja ya mafuta ya taa. Ukilinganisha bei za lita, kumbuka hilo.

Ila pindua mikebe utazame matako yake. Wa methanoli unang'aa. Wa ethanoli una kivuli tu. Wa butanoli umepaka masizi meusi kidoleni, na mwali wake ulikuwa wa manjano. Masizi ni kaboni iliyokosa oksijeni ya kutosha, yaani joto ambalo halikutoka. Kwa mpishi mwenye kifua dhaifu, mwali safi una thamani ambayo mizani haioni.

Sasa turudi kwenye kile kifuniko cha chupa. Methanoli nayo huwaka kwa mwali wa buluu, hafifu kiasi kwamba mchana unaweza usiuone. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli, na moto wa kiberiti usingewaonya. Hata mkebe wetu usingetosha: chang'aa iliyotoa joto dogo huenda ina methanoli, huenda ina maji mengi tu, na kipimajoto hakiwezi kuzitenganisha. Kazi hiyo ni ya maabara. Mwilini methanoli hugeuka asidi inayoshambulia neva za macho, mara nyingi saa nyingi baada ya kunywa. Aliyekunywa jana akaamka na ukungu machoni apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na waliokunywa naye waende pamoja naye, hata kama bado wanaona vizuri.