Maji Yakishuka Rufiji, Hubaki Nini?

Kila masika habari huwa ni ile ile: mto umefurika, nyumba zimezama, watu wamehamishwa. Picha zinazunguka kwenye simu, tunaandika "poleni sana", maisha yanaendelea. Maji yakishuka, kamera nazo zinaondoka. Kwa mkulima wa bonde la Rufiji, hapo ndipo kazi inapoanza. Anateremka shambani kuangalia mto umemwachia nini.

Anachoachiwa ni mashapo, yaani mchanga, tope na udongo wa mfinyanzi uliosombwa kutoka mbali. Mto Rufiji unaanzia pale Kilombero na Luwegu inapokutana, halafu huko mbele unaupokea Ruaha Mkuu. Kwa hiyo udongo unaotua leo Utete au Ikwiriri, huenda jana ulikuwa mlimani Mbeya, Iringa au Morogoro.

Mto unabebaje mzigo wote huo? Jibu ni kasi. Maji yanayokwenda mbio yana nguvu ya kuviringisha changarawe na kuinua mchanga. Yakipunguza mwendo, mzigo unaanza kudondoka, na kilicho kizito ndicho kinachotangulia.

Sasa tazama kinachotokea siku mto unapofurika. Ndani ya kingo maji ni mengi na njia ni nyembamba, kwa hiyo kasi ipo. Yakishapanda juu ya kingo yanatawanyika kwenye eneo pana, kina kinapungua, nyasi na mabua yanayazuia. Mwendo unakatika ghafla. Mchanga unatua hapo hapo ukingoni. Mafuriko kwa mafuriko, mchanga huo unajenga tuta refu sambamba na mto. Ndiyo maana kwenye tambarare nyingi za mafuriko, ukitoka mtoni unapanda kidogo kwanza, kisha unateremka. Tuta hilo halikuchongwa na jembe la mtu.

Tope laini linasafiri mbele zaidi, na mfinyanzi unafika mbali kabisa, kwenye sehemu za chini ambako maji yanasimama. Huko mambo hayana haraka. Kwenye maji yaliyotulia, chembe ya mchanga mwembamba hushuka mita moja kwa dakika mbili hivi. Chembe ndogo ya mfinyanzi, ikiwa peke yake, inaweza kuchukua siku tatu. Huamini? Tia udongo wa nje ya hosteli kwenye chupa, jaza maji, tikisa, weka dirishani. Mchanga utakaa chini kabla hujamaliza kunawa mikono. Kesho asubuhi maji ya juu bado yatakuwa na ukungu.

Mkulima wa Rufiji anaijua hesabu hii bila maabara. Sehemu za chini, zenye mfinyanzi unaoshika maji, ni za mpunga. Na maji yakianza kurudi mtoni, mwezi wa Mei au Juni, anapanda mahindi, maboga na mazao mengine kwenye tope bichi. Kilimo hicho wanakiita mlau. Mvua imekwisha, lakini unyevu umo ardhini, na rutuba imeletwa na mto bila mfuko hata mmoja wa mbolea.

Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, serikali iliwahamishia watu wa bondeni kwenye vijiji vya maeneo ya juu. Nia ilikuwa kuokoa maisha, na mafuriko kweli yanaua. Lakini shamba halihamishiki. Wengi waliendelea kushuka bondeni kila msimu, wakilala kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili walinde mazao. Aprili 2024 maji yaliharibu tena nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti. Ukiuliza kwa nini hawahami moja kwa moja, jibu liko chini ya miguu yao.

Na sasa kuna jambo jipya. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na mitambo yake imepangwa kutoa megawati 2,115. Umeme tunauhitaji, wala si sisi tunaochaji simu usiku kucha wa kuubeza. Ila kanuni ya chupa ya dirishani haibadiliki: maji yakitulia, mzigo unatua. Nyuma ya ukuta wa bwawa yanatulia. Sehemu kubwa ya mashapo inabaki huko, na maji yanayopita kwenye mitambo yanatoka yakiwa yamepungukiwa udongo. Maji ya namna hiyo bado yana nguvu, kwa hiyo huanza kuchimba sakafu ya mto na kula kingo. Misri waliyaona haya baada ya Bwawa Kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970: tope la Nile lilikwama bwawani, wakulima wakategemea zaidi mbolea ya kununua, na pwani ya delta ikazidi kuliwa na bahari. Rufiji nayo ina delta, na mikoko yake imeota juu ya tope hilo hilo.

Kwa hiyo masika ijayo ukisikia kwamba bwawa limepunguza mafuriko, furahi kwa ajili ya nyumba zitakazopona. Halafu uliza swali la pili, ambalo mkulima wa mlau analiuliza kila mwaka: na tope, limefika?