Leso Yafunza Hesabu

Mwanao akitatizwa na somo la ulinganifu, mtandazie leso sakafuni. Aikunje katikati kwa urefu, kisha kwa upana: pindo hukutana na pindo, na mara nyingi maua ya mji hulaliana. Mkunjo huo ndio mhimili.

Sasa aikunje mshazari, mkunjo utoke pembe hadi pembe. Wapi! Pembe mbili zilizobaki hazikutani, kwani leso si mraba. Hapo ndipo wengi hupoteza alama mtihanini.

Na jina? Hilo liko upande mmoja tu, halina mwenzake. Liweke mbele ya kioo uone herufi zilivyogeuka.

Feri ya Likoni nayo hupakia magari huku, huyashusha kule, bila kugeuka: ncha zake mbili zinalingana.