Mfuko wa Simu Upimwe Mteja Ameketi

Mtu wa mwalo wa Ggaba, kando ya Ziwa Victoria jijini Kampala, huinama kutwa. Huinama kusukuma mtumbwi, huinama tena kupokea kreti la sangara, kisha hupanda bodaboda, magoti juu, kuelekea mjini. Kila akibadili mkao, mfuko wa suruali hugeuka, na simu iliyomo hufuata. Kwa hiyo nawasihi mafundi cherehani wenzangu: mteja akileta suruali ya kazi ashonewe mfuko wa simu, msimpime akiwa amesimama tu. Mpeni kigoda aketi, kisha mwambieni achuchumae.

Mfuko wa kawaida wa mbele, ule uliokatwa mshazari kutoka kiunoni hadi mshono wa pembeni, hufaa mkono, sarafu na funguo. Mtu akisimama, mdomo wake hutazama juu. Akiketi, paja hulala, mfuko nao hulala, na mdomo hugeukia nyuma, upande wa kiti. Hapo simu haishikiliwi na chochote ila msuguano wa kitambaa, na mtikisiko wa pikipiki huisogeza kidogo kidogo mpaka itoke. Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilikuwa na urefu wa milimita 106 na uzito wa gramu 86, ikizama yote mfukoni. Simu za kioo za leo, nyingi zina urefu wa sentimita 16 au zaidi na uzito wa karibu gramu 200. Nusu ya uzito huo hubaki karibu na mdomo wa mfuko, tayari kuanguka. Na tangu MTN ianzishe huduma ya fedha kwa simu nchini Uganda, Machi 2009, simu ikizama ziwani haizami peke yake. Mauzo ya asubuhi hukwama pia, mpaka laini irudishwe.

Mahali pazuri ni ubavuni mwa paja, chini ya mfuko wa zamani, pale kiganja kinapofika mkono ukining'inia. Chini zaidi, simu itagonga goti mtu akitembea. Juu zaidi, itakunjwa kwenye nyonga akiinama. Mfuko wa nyuma usifikiriwe kabisa: huvunja kioo, na humrahisishia kazi mwizi wa kwenye foleni.

Tuchukue simu yenye upana wa sentimita 8 na unene wa 1. Mfuko uliokamilika uwe na upana wa sentimita 10, na kina kizidi urefu wa simu kwa sentimita 3. Ongeza sentimita moja na nusu kila upande kwa mshono, na 3 juu kwa pindo. Kitambaa kiwe khaki nzito au jinzi, na nyuzi zake za urefu zisimame sambamba na mguu ili mfuko usilegee. Kifue kwanza kwa maji ya moto na kukianika. Kitambaa kipya cha pamba hurudi, na kikirudi baada ya kushonwa, mfuko utajikunja na simu haitaingia tena.

Sasa kazi yenyewe. Cherehani zetu za miguu zina meza bapa, kwa hiyo bomba la mguu wa suruali haliingii chini ya sindano. Wengi hujaribu kulikunja na kulisukuma, wakaishia kushona mbele na nyuma pamoja. Fumua mshono wa ndani wa mguu, mguu ulale wazi kama shuka, bandika mfuko, kisha urudishe mshono. Tumia sindano namba 16 na uzi wa poliesta. Uzi wa pamba huoza kwa jasho na maji. Piga mistari miwili kuzunguka pande tatu.

Pembe mbili za juu ndizo hupasuka kwanza. Fundi Jacob Davis wa Reno, Marekani, aliziimarisha kwa ribiti za shaba, na mwaka 1873 yeye na Levi Strauss wakapewa hataza. Kwa mfuko wa simu mimi sishauri ribiti, maana hukwaruza kioo. Weka kiraka kidogo upande wa ndani wa suruali, kisha pitisha uzi mbele na nyuma mara kadhaa kwenye kila pembe. Kwa suruali ya mtumba hatua hii isirukwe. Inyanyue juani kwanza. Ukiona mwanga unapenya pajani, kiraka kipite chini ya mfuko mzima.

Kifuniko kizidi upana wa mfuko kwa sentimita moja na kishuke angalau 6. Kifungo kimoja cha katikati huacha pembe wazi, kwa hiyo weka viwili. Mvuvi, hata hivyo, asishonewe vifungo vya nje, kwani wavu utavinasa. Vifungo vyake vifichwe chini ya tabaka la pili la kifuniko. Velkro hushika vizuri ikiwa mpya, ila magamba na nyuzi za wavu huijaza haraka. Acha pia tundu dogo chini ya mfuko, lililozungushiwa uzi, maji yatoke. Kitambaa hakizuii maji, kwa hiyo simu ya mvuvi ivishwe mfuko wa plastiki kwanza.

Kabla mteja hajalipa, tia mfukoni kipande cha ubao chenye ukubwa na uzito wa simu yake. Aketi juu ya pikipiki, achuchumae, ainame kama anayesukuma mtumbwi, kwanza kifuniko kikiwa kimefungwa, kisha kikiwa wazi. Ubao ukichomoza mkao wowote huku kifuniko kimefungwa, suruali irudi mezani.