Imekompailika, lakini seva haiwaki

Hakuna kinachompotosha mwandishi wa moduli za seva ya wavuti kama ukimya wa kompaila. Amri imepita bila onyo hata moja, faili la .so limekaa kwenye folda yake, na mwandishi amejinyoosha mgongo kwa haki kabisa. Anaiwasha Apache upya. Haiwaki. Tovuti zote zilizokuwa hai dakika moja iliyopita, zikiwemo zisizohusika hata kidogo na moduli hiyo, zimezimika pamoja nayo, na simu inaanza kuita.

Kompaila iliulizwa swali dogo kuliko lile mwandishi alilodhani ameliuliza. Imelinganisha msimbo wake na faili za heda ilizoonyeshwa, ikaridhika. Ni seva gani itakayoipokea moduli, haikuambiwa wala haikuuliza. Na si ajabu mashine moja kuwa na Apache mbili: ile iliyokuja na mfumo, na nyingine iliyojengwa chini ya /usr/local na fundi aliyeacha kazi miaka mitatu iliyopita bila kuandika chochote. Ndiyo maana chombo cha kutumia ni apxs, kinachozaliwa pamoja na seva yake na kukumbuka ilivyojengwa: kompaila gani, bendera zipi, heda ziko wapi. Kwenye Debian kimo katika kifurushi cha apache2-dev, kwenye Red Hat katika httpd-devel. Anayekiacha na kuandika amri ya gcc kwa mkono ni kama mshonaji anayekata suti kwa kukadiria kwa macho. Inawezekana, ila atakayebanwa makwapa ni mwenye suti. Nami kabla ya kusoma mstari wowote wa kosa huuliza kwanza: apxs hii ni ya seva ipi? Amri ya apxs -q SBINDIR hujibu bila kusitasita.

Utaratibu wa moduli una umri karibu sawa na Apache yenyewe. Mwaka 1995 Robert Thau aliisanifu seva hiyo upya, kazi iliyopewa jina la siri la Shambhala, na humo mlikuwa na vitu viwili vinavyotuhusu: moduli, na mahodhi ya kumbukumbu. Toleo la 1.3, mwaka 1998, likaruhusu moduli kupakiwa seva inapowaka badala ya kushonewa ndani moja kwa moja. Ukawepo mlango, na mlango ukahitaji bawabu.

Bawabu wa kwanza ni mfumo wa uendeshaji. Apache huutaka uyapate majina yote ambayo moduli inayahitaji papo hapo, si baadaye. Jina moja likikosekana, safari imeishia hapo. Mara nyingi kilichosahauliwa ni maktaba ambayo haikutajwa kwa -l wakati wa kuunganisha. Ldd huonyesha maktaba zinazotafutwa, nm -D huonyesha majina yanayodaiwa. Wanaoandika kwa C++ wana balaa lao, maana kompaila ya lugha hiyo huyageuza majina kwa makusudi: ukiita maktaba ya C ambayo heda yake haikuzungushiwa extern "C", moduli itadai jina lisilojulikana na yeyote.

Anayefuata ni bawabu wa Apache mwenyewe. Kila moduli hubeba namba ya utambulisho. Kwa tawi la 2.4 ni 41503234, kwa heksadesimali. Inatisha mpaka uisome kwa jozi, kama herufi: 41 ni A, 50 ni P, 32 ni 2, 34 ni 4. AP24. Moduli ya enzi za 2.2 hujitaja AP22, na seva huitangaza kuwa imevurugika, hukumu kali kidogo kwa faili lisilo na kosa ila uzee. Ikivuka hapo, huangaliwa namba nyingine ambayo ni tarehe tupu: 20120211, yaani 11 Februari 2012, nayo haijabadilika katika tawi zima la 2.4. Isipolingana, Apache hukushauri uwasiliane na aliyekuuzia moduli akupe toleo sahihi. Ushauri mzuri, isipokuwa saa tano usiku ambapo muuzaji ni wewe.

Bawabu wa Nginx ni mkali zaidi. Hadi Februari 2016, lilipotoka toleo la 1.9.11, moduli ilikuwa lazima ikompailiwe pamoja na seva nzima. Sasa hupakiwa kando, lakini namba ya toleo lazima iwe ileile hadi tarakimu ya mwisho, na chaguo za ujenzi zilingane. Toleo la 1.11.5 liliongeza --with-compat kulegeza hilo la pili. Mfumo ukijisasisha wenyewe usiku, moduli uliyoijenga jana inakuwa ya juzi.

Mabawabu hawa hukagua vitambulisho, nia hawaioni. Katika 2.4, jina remote_ip liliondolewa kwenye conn_rec, na mwenye moduli ya zamani hupata kosa la wazi: hakuna kitu cha jina hilo. Akiuliza haraka huambiwa aweke client_ip. Anaweka, inakompailika, inapakiwa, inafanya kazi. Kisha anagundua kuwa logi yake ina anwani moja tu kutwa nzima: ile ya proksi iliyo mbele ya seva. Jina lilibadilishwa kwa sababu swali lenyewe liligawanyika. Nani ameunganishwa nasi sasa hivi, na nani ametuma ombi hili? Jibu la kwanza ni client_ip. La pili ni useragent_ip ndani ya request_rec, ambamo mod_remoteip, ikipangwa sawasawa, huandika anwani ya mteja mwenyewe. Kompaila ilipolalamika ilikuwa inakutaka uamue. Wengi tuliichukulia kama marekebisho ya tahajia.

Baya kuliko yote ni kosa lisilo na bawabu kabisa. Kila ombi hupewa hodhi lake la kumbukumbu, moduli huchota humo bila kufikiria kurudisha, na ombi likiisha hodhi humwagwa lote. Ni mpango wa raha sana, hadi mtu ahifadhi kwenye kigeu cha kudumu pointa ya kitu alichokichota kwenye hodhi la ombi. Ombi la kwanza, sawa. La pili, sawa, kwa sababu maji yaliyomwagwa hayajakauka. La mia tatu, wakati wa msongamano, mchakato unaanguka, tena unaangukia ndani ya moduli nyingine isiyo na hatia. Niliwahi kumaliza Jumamosi nzima nikiishuku mod_ssl.

Kuiwasha seva kwa httpd -X, ikabaki na mchakato mmoja mbele ya macho, na kuifuata kwa gdb, huonyesha mahali maiti ilipoangukia, aliyeua keshaondoka. Kinachosaidia ni kuijenga upya APR, maktaba ambayo Apache imesimama juu yake, kwa --enable-pool-debug, ili kila kinachochotwa kiombwe peke yake na Valgrind imwone anayegusa kilichokwisha kurudishwa. Ila hiyo ni APR nyingine, na seva nyingine iliyokompailiwa juu yake, na moduli zote upya. Mashine iliyokuwa na apxs mbili sasa ina tatu.