Mgonjwa Akifariki Zamu ya Usiku, Nani Anamjulia Hali Muuguzi?

Daktari mmoja kijana, akiwa bado mafunzoni nchini Marekani, alisoma kipimo cha umeme wa moyo cha mgonjwa asione dalili kwamba maji yamejaa na kuubana moyo. Mgonjwa alikimbizwa chumba cha upasuaji usiku, wakati umeshapotea. Habari zikaenea upesi. Wenzake waliirudia kesi hiyo kila walipokutana, na kila mara hukumu ikawa ileile: huyu kazi haiwezi. Miongoni mwa waliosikia alikuwamo Albert Wu, naye daktari mafunzoni, aliyejiuliza kimoyomoyo iwapo yeye angeiona dalili ile. Mwaka 2000 alikisimulia kisa hicho katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, na kumwita mhudumu wa namna hiyo mwathirika wa pili. Baadhi ya familia zilizopoteza wapendwa wao kwa makosa ya kitabibu zimelipinga jina hilo, nazo zina haki: aliyeumia kwanza ni mgonjwa na jamaa zake. Lakini maumivu ya mhudumu yapo, na yanapimika.

Katika Chuo Kikuu cha Missouri, Susan Scott na wenzake waliwahoji wahudumu 31 waliopitia matukio kama hayo, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Wengi walieleza mambo yanayofanana: tukio linajirudia kichwani, usingizi unakatika, mtu anaanza kuishuku mikono yake mwenyewe, anachunguza nyuso za wenzake kuona kama bado wanamwamini. Wengine waliinuka. Wengine waliendelea na kazi bila kupona. Wengine waliiacha kabisa.

Mwilini, chanzo cha tukio kujirudia kichwani kinajulikana. Mshtuko unapotokea, adrenalini na kotisoli hufurika, na homoni hizo huukazia ubongo kumbukumbu ya kile kilichotisha. Ndiyo maana muuguzi anaweza kusahau alichokula jana, lakini akaikumbuka sauti ya mashine ya mwaka juzi.

Basi mtu atadhani tiba ni kumketisha mara moja na kumtaka aeleze yote. Wazo hilo lilipata nguvu baada ya mwaka 1983, Jeffrey Mitchell wa Marekani alipopendekeza kikao maalumu cha kusimulia tukio kwa watu wa zimamoto na huduma za dharura. Njia hiyo ikaenea hata kwa raia, na ilipojaribiwa kisayansi matokeo yalishtua. Kule Cardiff, Wales, majeruhi wa moto waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi wakapewa kikao kimoja cha kusimulia, wengine wakaachwa bila kikao. Miezi 13 baadaye, asilimia 26 ya waliosimulia walikuwa na ugonjwa wa kiwewe, dhidi ya asilimia 9 ya wale wengine. Jaribio hilo lilichapishwa mwaka 1997, na uchambuzi wa tafiti kadhaa uliofuata ukashauri vikao vya mara moja visilazimishwe kwa mtu yeyote. Natamani kila ofisa utumishi anayepanga kukusanya watu ukumbini siku ya pili ya msiba alisome.

Kinachosaidia ni mtu wa karibu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, watafiti wa Zurich waliwaweka wanaume 37 katika mtihani wa kuhutubia na kupiga hesabu mbele ya watu. Waliokuja na rafiki yao mkubwa akawatia moyo wakati wa maandalizi walitoa kotisoli kidogo kuliko waliojiandaa peke yao. Msaada wa rika kazini unasimama hapo. Mwenzako anayeijua wodi hahitaji kuelezwa zamu ya usiku ni nini. Anakaa nawe, na ukitaka kunyamaza, mnanyamaza.

Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, ilianzisha mpango wa namna hiyo mwaka 2011, Wu akiwa mmoja wa waasisi. Mhudumu anapiga simu, mwenzake aliyefunzwa anamrudia ndani ya dakika 30, na wanaonana ndani ya saa 12. Mazungumzo ni siri na hayaingii kwenye uchunguzi wa tukio. Hapo hapana mzaha: siku maneno hayo yatakapofika mezani kwa mkuu wa idara, hakuna atakayepiga simu tena. Mzigo ukimzidi mwenzake huyo, anamwelekeza mhudumu kwa mtaalamu wa afya ya akili. Scott alikadiria kwamba wanaofikia hatua hiyo ni kama mmoja kati ya kumi.

Kwetu tuna nusu ya kazi hii. Tanzania na Kenya zina mfumo wa kujadili vifo vya uzazi, ambao msingi wake ni kutomtaja wala kumlaumu mtu. Pale huulizwa kama damu ilikuwepo, gari la wagonjwa lilifika saa ngapi, dawa ya kuzuia kutokwa damu ilitolewa lini. Ni maswali ya lazima, na yanaokoa akina mama. Ila kikao hicho hakikuundwa kumhudumia mkunga aliyemshika mkono mama aliyefariki, ambaye jioni anaingia zamu nyingine katika chumba kilekile. Kwa hilo panahitajika wakunga wawili au watatu waliochaguliwa na wenzao, wakafunzwa kusikiliza, wakapewa muda ndani ya zamu, na matroni anayekubali kutouliza walichoongea.

Uongozi unaofikiria gharama utazame hesabu za Baltimore. Watafiti walikadiria kuwa hospitali iliokoa zaidi ya dola 22,000 kwa kila muuguzi aliyepiga simu, kwa sababu kumtafuta na kumfunza mbadala wa anayeacha kazi ni ghali. Na uwe na subira. Mwanzoni simu zilikuwa wastani wa moja tu kwa mwezi, nyingi hazikuhusu kosa lolote la kitabibu, na yeyote angeweza kusema mpango haufai. Uliachwa uendelee. Zikapanda hadi nne kwa mwezi, na katika miezi 52 zikafika 119, zikiwagusa watu wapatao 500.