Mkono Ulioshinda Ndio wa Kukaguliwa Kwanza

Mchezaji wa poka ya mtandaoni akishamaliza kucheza, mkono (yaani mchezo mmoja, tangu karata kugawiwa hadi mshindi kupatikana) unaomkaa moyoni ni ule uliomuuma. Alikuwa na ree mbili, mpinzani ana wafalme wawili, wote wakasukuma kila walichonacho kabla ya karata yoyote ya mezani kufunguliwa, na mfalme wa tatu akatokea. Dola 200 zimekwenda. Anaurudia mkono huo kichwani, anawasimulia rafiki zake, anaufungua tena kwenye kumbukumbu. Hauna la kumfundisha. Ree mbili huwashinda wafalme wawili takriban mara 82 katika kila 100, na zile 18 hazina dawa. Kesho akipata karata hizohizo acheze vilevile.

Kwa asiyeujua mchezo: katika Texas Hold'em kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano za wote hufunguliwa mezani, tatu kwa mpigo, halafu ya nne, halafu ya tano. Katika kila hatua unaweza kupita, kuweka dau, kufuata dau la mwenzio, kulipandisha, au kutupa karata; madau yote huingia kwenye fungu, ambalo mshindi hulichukua. Kwenye mchezo wa pesa taslimu, tofauti na mashindano, chipu ya dola moja ni dola moja, na unaondoka mezani muda unaotaka. Uzuri wa mtandaoni ni kwamba tovuti nyingi huhifadhi kila mkono kwa maandishi: nani alikaa wapi, aliweka kiasi gani, karata zipi zilifunguliwa. Programu kama PokerTracker huyapanga maandishi hayo ili uyasome kwa utulivu. Kwenye meza ya mbao, karata zikishachanganywa, ushahidi umepotea.

Sasa tazama mkono ambao wengi hawaukagui, kwa sababu ulileta faida. Una kopa mbili. Mezani karata nne ziko wazi, na mbili kati yake ni kopa, kwa hiyo unawinda kopa ya tano ili ukamilishe mkono wenye nguvu. Fungu lina dola 60, mpinzani anaweka 45. Unafuata. Karata ya mwisho ni kopa, unaweka dau, mpinzani anatupa karata zake, fungu ni lako. Unasonga mbele ukiwa na furaha.

Piga hesabu. Kopa ni 13, umeshaona nne, zimebaki 9 kati ya karata 46 usizoziona. Nafasi yako ya kupata kopa haifiki asilimia 20. Lakini ulitoa dola 45 kugombea fungu ambalo kwa jumla lingekuwa 150, yaani ulihitaji kushinda asilimia 30 ili usipate hasara. Ukicheza mkono huo mara 46, na tuchukulie kwamba kila kopa inakupa ushindi, mara 9 utaingiza dola 105, jumla 945; mara 37 utapoteza 45, jumla 1,665. Pengo ni dola 720. Ili kuliziba, kila kopa inapotokea ni lazima umtoe mpinzani wastani wa dola 80 zaidi katika raundi ya mwisho. Je, dola 80 alikuwa nazo? Na je, ni mtu wa kulipa akiona kopa tatu zimelala mezani? Huyu alitupa karata, hakulipa hata senti. Ulishinda fungu kwa uamuzi ambao, ukiuzoea, utakula akiba yako kidogokidogo bila wewe kujua unavuja wapi.

Annie Duke, aliyecheza poka kwa miaka mingi, ameeleza kwa kirefu katika kitabu chake Thinking in Bets cha mwaka 2018 tabia hii ya kuupima uamuzi kwa matokeo yake. Kwa sababu hiyo nasisitiza: unapokagua mkono, simama kwenye kila hatua na uamue upya kabla hujasoma kilichofuata. Karata za mpinzani, hata kama zilifunuliwa mwishoni, zifunike kwanza. Wakati ule hukuzijua, kwa hiyo haziwezi kuwa hoja.

Mkono wa tatu ndio unaostahili muda mrefu. Una ree ya shupaza na malkia wa kopa. Mezani kuna malkia wa uru, 9 ya uru, 4 ya pau, 2 ya shupaza, na mwisho imekuja 7 ya kopa. Una jozi ya malkia. Fungu lina dola 100. Unapita, mpinzani, ambaye tangu mwanzo alikuwa akifuata madau yako kimyakimya, anaweka dola 100.

Unalipa 100 kugombea 300, kwa hiyo unahitaji kushinda mara moja katika kila mara tatu. Andika karata zinazokushinda. 9 mbili anaweza kuwa nazo kwa njia 3, 4 mbili kwa njia 3. Malkia na 9 ni njia 6, kwa kuwa malkia mmoja unaye wewe na mwingine yuko mezani. Nyingine tuseme angeshazitupa, au angeshapandisha dau nazo, mapema. Jumla ni njia 12, na ili kufuata kukulipe lazima awe na angalau njia 6 za mkwara, yaani karata zilizokuwa zikiwinda na zikakosa. Kwenye karatasi mikwara imejaa tele: jeki na 10 peke yake zina njia 16, bado hujahesabu uru mbilimbili zilizokosa uru mwenzake. Ila kuwa na karata zilizokosa ni jambo moja, kuthubutu kuweka dola 100 juu yake ni jambo lingine. Kwa maoni yangu, kwenye meza za dau dogo wengi wakikosa hupita na kukubali yaishe, na dau kubwa la mwisho kutoka kwa mtu mtulivu mara nyingi ni la kweli. Ningetupa karata. Na kama ree yako ingekuwa ya uru, ningetupa haraka zaidi: anayewinda uru akiwa na ree ni mpiga mkwara wa kawaida kabisa, na ree hiyo ingekuwa mkononi mwako.

Hata mashine hukagua. Januari 2017, katika kasino ya Rivers mjini Pittsburgh, Libratus, programu ya Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza mikono 120,000 dhidi ya wachezaji wanne wa kulipwa na kuwazidi kwa chipu zaidi ya milioni 1.7. Jioni wachezaji hao walikutana kujadili mikono ya siku. Usiku nayo kompyuta ilichambua ukubwa wa madau waliyopenda kuweka ambayo haikuwa na jibu zuri kwayo, ikaandaa majibu, na asubuhi ufa umezibwa. Ilichagua cha kujifunza kwa kutafuta mahali jibu lake lilipokuwa dhaifu.

Fanya hivyo nawe. Weka alama kwenye mkono pale unaposita, wakati bado unacheza, kisha kesho yake kagua mitatu tu, na mmoja uwe ule ulioshinda. Usisahau ada ya tovuti, ambayo mara nyingi ni karibu asilimia 5 ya fungu hadi kikomo fulani. Dau la kufuata linaloonekana sawasawa kabla ya ada ni hasara baada yake. Na kama kumbukumbu za maelfu ya mikono zinaonyesha kwamba ada na wapinzani wanakushinda, shuka kwenye meza ya dau dogo zaidi, au acha kucheza kwa pesa.